Suka Anajibu: Gari Moja Likilala

Barua za mwezi huu zimenijia kutoka Gongo la Mboto, Tabata, Morogoro, Mombasa na hata Uingereza, na karibu zote zinauliza jambo lile lile: mwenye gari moja au mawili bado ana nafasi barabarani, au sasa ni zamu ya makampuni makubwa peke yake? Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza, mimi nilianza ukonda Dar es Salaam mwaka 1984, nikashika usukani, baadaye nikawa tajiri wa gari moja. Gari hilo ndilo lililowasomesha wanangu watatu. Swali la kwanza nitalikalia sana, maana yaliyomo yamenikuta mwenyewe.

Kaka Suka, salaam. Mimi ni mjane, nakaa Gongo la Mboto. Marehemu mume wangu aliniachia Coaster moja. Dereva ananiletea hesabu ya elfu 80 kwa siku, siku nyingine pungufu. Barabara ya mwendokasi imejengwa mbele ya macho yangu. Vijana wawili wamenijia na karatasi, wanasema wanakusanya wenye magari tuunde kampuni, kila mtu aingize gari lake liwe hisa. Mwanangu anasema niuze sasa hivi kabla bei haijaanguka. Nifanye nini?

Dada yangu, pole sana kwa msiba, na hongera kwa kulishika gari hadi leo. Wajane ninaowafahamu walionyang'anywa gari na ndugu wa mume kabla hata arobaini haijafika si mmoja wala wawili.

Mimi nilikuwa na Coaster ruti ya Kimara–Posta. Wakala wa mabasi yaendayo haraka, DART, uliundwa mwaka 2007. Ujenzi wa Barabara ya Morogoro ukaanza mwaka 2012. Mabasi yakaanza kubeba watu Mei 2016. Hesabu mwenyewe: miaka tisa niliiona mvua ikitanda, na sikuanua hata shati moja. Kikao cha wenye magari kikiitwa, mimi nipo gereji chini ya gari nabadilisha bushi. Waliohudhuria ni wale wenye magari kumi na kumi na tano, wenye msimamizi wa kumwachia kazi.

Kampuni iliyoendesha awamu ile ya kwanza, UDA-RT, iliundwa na UDA, lile shirika la zamani la mabasi ya mjini, pamoja na vyama viwili vya wenye daladala, DARCOBOA na UWADAR. Kwa hiyo siwezi kusema wenye daladala walifungiwa mlango. Mlango ulikuwepo, na waliopita ni vyama. Chama kina faida kwa mtu anayejua katiba yake imeandikwa nini na yeye mwenyewe ana haki gani ndani yake. Mimi sikujua, na sikuuliza.

Yale mabasi yalikuwa 140, na 39 kati yake ni yale marefu yenye kiungo katikati. Nauli yao 650, yetu 400. Nilidhani ile 250 ndiyo itakayotuokoa. Abiria wangu wa miaka mingi, mwalimu, akaniambia kituoni bila kunificha: "Suka, kwako nauli nafuu, lakini nafika nimechoka kabla sijashika chaki." Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa na haki. Sitaki mtu adhani natetea kero zetu zile. Tulikatisha ruti, tuliwakataa wanafunzi mchana kweupe, tulijaza watu mpaka mlango haufungi.

Daladala zikaondolewa Barabara ya Morogoro, nasi tukapangiwa ruti nyingine. Nilikopangiwa mimi magari yalikuwa yametosha zamani. Hesabu ikatoka elfu 90 ikaja elfu 55, na siku za mvua dereva alinipigia simu kuniomba nimsamehe. Mwaka 2018 nikaiuza. Aliyeinunua alitoka Ifakara. Nilipoikagua mara ya mwisho niliokota chini ya siti ya nyuma daftari la binti yangu mdogo. Alikuwa akifanyia mazoezi yake ya shule ndani ya gari, akinisubiri nimalize tripu ya mwisho. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Sasa tuzungumze hesabu, maana hapo ndipo penye ugonjwa. Elfu 80 kwa siku 26 ni 2,080,000 kwa mwezi. Ukiitazama hivyo unajiona una mshahara wa bosi. Toa tairi. Toa service, bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), ukaguzi, kodi ya TRA. Toa siku gari linapolala gereji, na Coaster ya miaka hiyo hailali siku moja. Halafu kuna kitu ambacho mimi sikukitoa hata mara moja katika miaka yangu yote: pesa ya gari lijalo. Kila kilomita gari linayokwenda linajila lenyewe. Tulikula faida na tukala na gari humo humo, tukidhani yote ni faida.

Kampuni yenye magari hamsini haifanyi hivyo. Likilala moja, 49 yako barabarani. Gari moja likilala, nyumba nzima imelala. Kampuni inanunua tairi kwa jumla, wewe unakwenda na noti zako Kariakoo kununua moja, tena ukiwa na haraka, na muuzaji anaiona haraka hiyo usoni mwako. Kampuni inakwenda benki na vitabu vilivyokaguliwa. Mimi nilikwenda na daftari la mistari lenye madoa ya grisi, na ofisa mikopo alilisukuma kwa kidole likarudi upande wangu. Hakuna aliyekaa akapanga njama ya kutuua. Masharti ya zabuni, mkopo na mabasi mapya yameandikwa kwa kipimo cha mtu mkubwa, na sisi tulikuwa watu wadogo elfu kadhaa ambao hawakuwahi kusimama mahali pamoja wakaonekana ukubwa wao.

Kwa hiyo usiuze kwa hofu. Kwanza nenda ofisi ya LATRA ukaulize kuhusu ruti yako hasa, kwa jina, mwanzo na mwisho wake. Ruti inayofuata barabara kubwa hadi mjini ndiyo iliyo hatarini. Lakini watu wa Chanika, Majohe, Kivule na Kitunda wataendelea kuhitaji kufika kwenye kituo cha mwendokasi, na basi la mita 18 halitaingia vichochoro vile. Coaster nzima yenye injini isiyokula oili inaweza kuishi huko miaka kadhaa. Hesabu haitakuwa elfu 80, jiandae. Tripu ni fupi, nauli ni ndogo, ila foleni ni chache na gari halichoki kama la mjini.

Kuhusu wale vijana na karatasi yao. Nitakusimulia jambo ambalo hata mke wangu hapendi nilitaje. Mwaka 2017 niliweka milioni 4 katika kikundi cha wenye magari kilichonunua mabasi mawili ya mkoani. Tulipewa risiti za mkono. Kikao kilifanyika mara moja, na soda tulikunywa. Mwaka 2019 nikagundua kuwa kadi za mabasi yote mawili zina jina la mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mimi wala wenzangu. Sikupata hata shilingi.

Ndiyo maana nakwambia: kadi ya Coaster isitoke mkononi mwako kabla hujaiona kampuni hiyo kwa macho kwenye kumbukumbu za BRELA, wakala wa kusajili makampuni, na jina lako likiwa kati ya wenye hisa. Mwanao akusaidie, hayo sasa yanatazamwa kwa simu. Uliza nani amelithamini gari lako na kwa kigezo gani, kwa sababu Coaster yako na ya jirani haziwezi kuwa hisa sawa kama moja ina injini mpya na nyingine inavuta moshi. Uliza ukitaka kutoka unatokaje: unarudishiwa gari, pesa, au maneno? Wakikwambia "tutaliangalia mbele ya safari", wasindikize mpaka mlangoni.

Kuna na njia ya ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Mimi naipenda zaidi, ingawa ni ya polepole. Kule mwenye gari moja ana kura moja na mwenye magari sita ana kura moja, na hesabu zinakaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Vijana wako wakikubali kulibadili wazo lao liwe ushirika, watakuwa wamenionyesha kuwa hawana cha kuficha.

Pamoja na milioni zangu 4 kupotea, dada yangu, bado nasema ingia na wenzako ukishaona karatasi zimenyooka. Peke yangu nilijaribu. Na usisahau kumwita dereva wako mkae chini. Mfumo wetu wa hesabu ulimwachia yeye bei ya mafuta, foleni na trafiki, sisi tukachukua kilichopangwa. Akiugua anampa deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, gari na nyumbani kwake hakuingii kitu. Kampuni mtakayoiunda ikiwa haina mkataba wa dereva ndani yake, itakuwa ni daladala zile zile zilizopakwa rangi moja.

Shikamoo babu Suka. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tabata. Mwalimu wa historia alisema zamani Dar es Salaam ilikuwa na kampuni moja tu ya mabasi. Wenzangu wanabisha. Na jina daladala limetoka wapi?

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako yuko sahihi, wape wenzako salamu zangu.

Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni iliyoitwa Dar es Salaam Motor Transport, watu wakaiita DMT. Ilikuwa ya wageni. Baada ya Azimio la Arusha ikawa ya umma, na mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili: UDA ikachukua mabasi ya mjini, KAMATA ikachukua ya mikoani. Nilipokuwa mdogo basi lilikuwa UDA, hakuna jingine. Yale Ikarus marefu kutoka Hungaria tuliyaita kumbakumba, kwa sababu yalikumba kituo kizima.

Shida ni kwamba mji ulikua na mabasi hayakuongezeka. Spea zilihitaji fedha za kigeni na fedha za kigeni hazikuwepo. Ikarus likifa, lilichinjwa ili litoe figo kwa wenzake. Watu wakaanza kubebwa kwa vigari vya watu binafsi, kwa kuibia. Vile viliitwa thumni, yaani senti hamsini. Polisi walivikamata, na siku ya pili vilirudi, maana wafanyakazi wa Serikali yenyewe waliwahi kazini kwa thumni.

Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria mjini. Nauli ikawa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mtaani iliitwa dala, kutokana na dola. Konda anapiga kelele "dala! dala!", basi jina likaganda. Mwaka uliofuata ndio nilioingia mimi, nikining'inia nyuma ya chai maharage, yale magari yenye mabenchi mawili mnayokaa mkitazamana. Kuna watu walioana kwa kutazamana huko, nakuhakikishia.

Baada ya hapo vikaja vipanya, zikaja DCM, zikaja Coaster. Kila gari na mwenyewe: nesi, mwanajeshi mstaafu, mama muuza vitenge. Kama mwalimu anataka kazi ya mradi, mwende kijiwe chochote cha daladala mkawaulize wazee wangapi wamesomeshwa na gari. Andikeni majibu. Hakuna aliyeyaandika vya kutosha, na wazee hao wanapungua.

Mzee Suka, mimi ni mkazi wa Morogoro, nina mabasi mawili, Moro–Dar. Tangu treni ya SGR ianze, asubuhi naondoka stendi ya Msamvu na siti kumi tupu. Wakubwa wao wanahimili. Mimi nitahimili vipi?

Ndugu yangu, treni ilianza safari za Dar–Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huo huo. Nauli ya kawaida hadi Morogoro ilipangwa shilingi 13,000, na mtu anafika chini ya saa mbili. Kwa abiria wa moja kwa moja, Morogoro mjini hadi Dar mjini, usishindane. Sikufichi.

Wakubwa wanahimili kwa sababu wana pa kuhamishia magari. Njia ya Moro ikipungua, mabasi yanapelekwa Mbeya au Songea. Tena tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kupata leseni za usiku, na kampuni yenye madereva wengi inalifanyisha basi moja kazi ya mawili, mchana na usiku. Wewe una madereva wawili na wote wawili ni shemeji zako. Ukiwalazimisha usiku na mchana utaua watu. Tafadhali usijaribu.

Ninachokiona ni hiki. Treni haiingii Msamvu, wala haisimami Mikese kumchukua mama mwenye tenga la nyanya. Haiendi Mahenge, haiendi Malinyi. Abiria wa njiani na wa kusini mwa mkoa bado ni wa basi. Omba kubadilishiwa ruti basi moja kwanza, jingine libaki, uone miezi mitatu. Barabara za huko zitakula springi zako, lakini siti hazitakuwa tupu.

Na usiwatazame wakubwa kama watu waliokwisha kufika peponi. Scandinavia ilikuwa fahari ya barabara zetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, tukivaa shati safi kuipanda. Leo haipo. Akamba ya Kenya ilivuka mipaka yote ya nchi zetu, nayo haipo. Mabasi mawili yasiyo na deni yanaweza kumwona mkubwa mwenye deni akiondoka.

Mzee, salamu kutoka Likoni, Mombasa. Nina Nissan moja ya abiria 14. Gari nimenunua kwa jasho langu, lakini ni lazima niwe ndani ya sacco, ushirika wa akiba na mikopo, na kila siku sacco yanikata. Waniambia nisipokuwa mwanachama, pia nisifanye kazi. Huu ni uhuru gani?

Bwana wangu wa Likoni, hasira yako naielewa. Kwenu hadithi ilikwenda kama yetu lakini kwa miguu mingine. Kenya Bus ilianza Nairobi mwaka 1934, na mwaka 1966 ikapewa haki ya peke yake kubeba abiria wa jiji, Halmashauri ya Jiji ikichukua robo ya hisa. Matatu zilikuwa za kujificha mpaka mwaka 1973, Mzee Kenyatta alipoziruhusu. Baada ya hapo mtu na gari lake, ndio matatu.

Kisha zikaja sheria za waziri Michuki za mwaka 2003, mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano. Ukaja mwaka 2010 mwishoni, agizo kwamba mwenye gari asipewe leseni peke yake mpaka awe ndani ya sacco au kampuni. Mwaka 2014 kanuni zikaweka idadi: magari yasiyopungua 30 kwa kila chombo kinachoomba leseni. Hiyo 30 ndiyo iliyokuingiza ndani. Bila wenzako 29, kwenye karatasi wewe hupo.

Kwa hiyo nakubali kuwa hukuchagua. Lakini kwa kuwa umo, acha kuilipa sacco kama unavyomlipa mpiga debe. Makato yako ya kila siku yanakwenda mafungu gani? Kuna sehemu ni gharama ya ofisi na msimamizi wa kituo, hiyo imekwenda. Kuna sehemu inapaswa kuwa akiba yako, na akiba ni pesa yako, unaweza kuikopea. Omba taarifa ya akaunti yako kwa maandishi. Nenda mkutano mkuu wa mwaka hata ikibidi gari lisimame siku hiyo. Nimeshamweleza dada wa Gongo la Mboto kilichonipata kwa kutokwenda vikaoni, soma pale juu.

Kaka Suka, mimi Mtanzania ninaendesha basi Manchester. Huku nilikuta makampuni makubwa machache tu, na wazee kazini wananisimulia kuwa zamani kulikuwa na vikampuni vingi vidogo. Sasa mabasi yote yamepakwa njano na jiji ndilo linapanga ruti. Je, yanafanana na ya nyumbani?

Yanafanana kuliko unavyodhani, na yanakutana mahali pamoja. Huko Uingereza soko la mabasi nje ya London lilifunguliwa Oktoba 1986, kila mwenye basi akaruhusiwa kukimbiza ruti anayoitaka. Miaka ya mwanzo wadogo walifurika. Halafu wakanunuliwa mmoja mmoja, au wakabanwa hadi wakafunga. Kisa ambacho wenzako wazee watakuwa wanakikumbuka ni cha Darlington mwaka 1994. Kampuni ya mabasi ya mji huo ilikuwa inauzwa. Stagecoach ikawachukua madereva wake, ikaleta mabasi na kubeba abiria bure, mpaka kampuni ile ikaanguka. Tume ya ushindani ya huko ililaani vikali kitendo hicho mwaka uliofuata.

Stagecoach hiyo hiyo, iliyoanzishwa Perth, Scotland, mwaka 1980 na ndugu wawili, Ann Gloag na Brian Souter, ndiyo iliyoinunua Kenya Bus mwaka 1991. Nairobi ilikuwa habari nyingine. Kule hawakukutana na kampuni moja ya kuibana, walikutana na matatu maelfu, kila moja na tajiri wake, konda wake na muziki wake. Mwaka 1998 wakauza wakaondoka. Nikikumbuka hilo huwa najiuliza kama udogo wetu, pamoja na kero zake zote, haukuwa na nguvu ambayo hatukuitambua wakati tunayo.

Hiyo njano ya kwenu iliyoanza Septemba 2023 na kukamilika Januari 2025 mimi naiangalia kwa hamu. Jiji linapanga ruti na nauli, makampuni yanaomba kuziendesha. Swali langu kwako, nawe unijibu utakapopata nafasi: zabuni hizo zinagawanywa vipande vidogo kiasi gani? Kampuni yenye mabasi kumi inaweza kuomba? Kama inaweza, ningependa wanaoandika masharti ya zabuni za Dar es Salaam wasikie.

Mzee, mimi ni konda, miaka 11 sasa. Tajiri wangu anauza magari yote matatu. Sina mkataba, sina barua, sina chochote cha kuonyesha kuwa nimewahi kufanya kazi. Nianzie wapi?

Mwanangu, kabla magari hayajaondoka, mwombe tajiri wako akuandikie barua. Karatasi moja: jina lako, mwaka ulioanza, ruti ulizofanya, na kwamba hukuwahi kumpotezea pesa. Atie sahihi na namba ya simu. Akisema hajui kuandika barua hizo, niletee maelezo kupitia gazeti hili, nitaiandika mimi na yeye ataisaini.

Kama una leseni ya kuendesha, chuo cha usafirishaji, NIT, pale Mabibo kinafundisha madereva wa magari ya abiria, na makampuni makubwa yanaangalia cheti hicho pamoja na leseni ya daraja C. Kama huna leseni, anza na hiyo mwezi huu huu wakati bado una kipato cha siku. Sheria ya LATRA ya mwaka 2019 inataka wahudumu wasajiliwe na madereva wathibitishwe. Nenda ukajisajili ukiwa bado una gari la kutaja.

Na ile barua ya tajiri, itoe nakala tatu. Ya kwanza mpe mama yako akutunzie.